Aliyekaa Chini ya Shela

Kama hukupata gazeti la wiki iliyopita, usijali, hukukosa sifa zangu nyingi. Mimi ni Nassoro, fundi makochi wa hapa Gitega. Nilikulia kambini upande wa Kigoma, nikarudi Burundi nikiwa mtu mzima. Mwezi uliopita nilimuoa Raissa, binti wa Mzee Hamissi, muuza nyama wa Muyinga. Siku ya harusi nilifika kwao nimechelewa saa tatu nzima kwa sababu gari letu liliishiwa mafuta njiani, na mzee alikuwa ameshaanza kuwaambia wageni warudi makwao.

Akanipa binti yake kwa shingo upande. Tena mbele ya watu wote akaniambia maneno niliyoyaandika wiki iliyopita, na leo nayarudia kwa sababu ndiyo yaliyonifikisha hapa.

"Mkwe, Raissa anaenda kwako, mais bado iko wangu mpaka siku nitakuja mi mwenyewe kumtwikurura. Nikikuta umecheza na mi, narudi naye Muyinga."

Nikasema ndiyo, baba. Mimi husema ndiyo kabla sijaelewa swali, na ugonjwa huo sijaupatia dawa.

Sasa nieleze, maana najua gazeti hili linafika mpaka ng'ambo ya mpaka. Ile mais ya mzee ni lakini ya Kifaransa. Kutwikurura ni siku ambayo wakwe wanakuja na vikapu vyao, wanamkuta binti yao kakaa amefunikwa, wanamfunua mbele ya watu. Kabla ya siku hiyo bibi harusi hatoki nje. Lakini mimi nilikulia kwa watu wa Kigoma. Kule nilikokulia bibi harusi hukaa ndani siku saba za fungate, ya nane anachukua ndoo anaenda bombani. Nikahesabu saba zangu, zikatimia, nikaona kazi imekwisha. Hiyo kutwikurura nikaichukulia kuwa karamu ya kula wali na kupiga picha.

Hapo ndipo nilipopotea, na sikupotea peke yangu.

Kuna mama mmoja wa Bukavu anaitwa Mama Bulonza. Ana vyumba sita vya wageni kando ya ziwa, nje kidogo ya Bujumbura, na makochi yake yote nilimshonea mimi. Aliposikia nimeoa akanipigia simu.

"Mwana wangu, chumba iko. Ile ya mbele, yenye inaangalia maji. Ni zawadi yangu ya harusi. Leta bibi wikiendi hii, juu ijayo iko na watu ya séminaire."

Raissa alikuwa hajawahi kuliona ziwa. Kwao Muyinga walikuwa wanaliita bahari, na alipokuwa mdogo kila aliyetoka Bujumbura alimuuliza kama amekanyaga mchanga wake. Nilipomwambia habari ya chumba alikuwa anakunja nguo. Akaacha kukunja. Kisha akaniuliza, na baba?

Nikamwambia baba yake yuko Muyinga, siku aliyopanga kuja ni Jumapili ya wiki nyingine kabisa, na siku saba zimekwisha.

"Kwenu zimeisha," alisema. "Kwetu haiishi kwa kuhesabu."

"Unataka kuiona bahari au hutaki?"

Alikunja gauni moja mara tatu. Akasema anataka. Nikamwambia basi, kama ni dhambi, ni yangu. Maneno matamu, yalipotoka mdomoni hayakugharimu kitu.

Nyumbani tulimwacha mdogo wangu Layla. Layla ana miaka kumi na tisa, anaishi na mimi tangu mama yetu aliporudi Kigoma. Nikampa kazi: jirani akiuliza, bibi harusi kalala. Akiuliza tena, bibi harusi anaoga. Layla akacheka. Huyu mtoto hucheka kila ninachosema kwa sababu anadhani kaka yake ana akili.

Ijumaa alfajiri tukaondoka, Raissa kajifunika mpaka pua, tukapata viti viwili kwenye gari la abiria baada ya kusubiri saa nyingi. Uhaba wa mafuta ya gari nchini kwetu mnaujua wenyewe, sina haja ya kueleza. Adhuhuri tulikuwa ziwani.

Sitawachosha na habari za maji. Maji ni maji. Ila nitasema hivi: Raissa alivua viatu, akavishika mkononi, akaingia mpaka kwenye vifundo, akasimama hapo muda mrefu. Kisha akaniuliza ile milima ng'ambo ni nchi gani. Nikamwambia ni Kongo. Akasema kumbe bahari ina mwisho. Akacheka mpaka akashika tumbo, na mimi nikacheka, na Mama Bulonza akachungulia kutoka jikoni kuona tunacheka nini.

Nilikuwa na furaha. Naiandika hapa ili mjue kwamba ilikuwepo, kwa sababu ilidumu siku moja na robo.

Jumamosi mchana tulikuwa tunakula samaki mukeke wa kuchoma simu ilipolia. Layla.

"Kaka, watu wa Muyinga wanakuja kesho."

Nikamwambia amekosea, ni Jumapili ijayo.

"Ni kesho. Jirani yao amepata mafuta, gari inakuja Gitega kesho na inarudi kesho. Mzee amesema wiki ijayo nani anajua kama mafuta itakuwako."

Nikamuuliza amewajibu nini. Akasema amewaambia karibuni. Nilitaka kumgombeza, lakini angesema nini? Nyumba inayowakataa watu wa kutwikurura ni nyumba yenye jambo, na mzee angekuja kwa miguu.

Raissa alikuwa ameacha kula. Hakunilaumu. Alinawa mikono, akaanza kufunga begi.

Kule Bujumbura kituo cha magari ya kwenda Gitega kilikuwa kimejaa watu wenye mikeka na masufuria. Wengine walikuwa hapo tangu Alhamisi. Magari yalikuwepo, yamepangwa vizuri, matenki matupu. Nikamfuata dereva huyu na yule, nikasema nina msiba, nikasema nina mgonjwa, mmoja akanijibu kwamba kila mtu pale ana msiba na mgonjwa. Tukarudi kwa Mama Bulonza na begi letu.

Yule mama ndiye aliyetuokoa, kama kuokolewa ndiko huko.

"Iko Fredi," alisema. "Ananileteaka vinywaji. Kesho asubuhi anapanda Gitega. Ile lori haikosake mafuta."

Lori lenyewe lilikuwa la bia.

Sasa fikiria. Binti wa Mzee Hamissi, mtu ambaye hata siki haiingizi nyumbani kwake mpaka asome karatasi ya chupa, alipanda lori la bia Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, akakaa kati yangu na dereva Fredi, makreti yanagonganagonga nyuma yetu njia nzima. Fredi alikuwa mtu mwema, akazima redio kwa heshima yake. Raissa alishusha kitambaa usoni akasoma dua mpaka Bugarama.

Tulikuwa tumeipita Muramvya simu yangu ilipolia tena. Baba mkwe.

"Mkwe, tuko Mutoyi, tumesimama kidogo. We uko nyumbani?"

Lori lilikuwa linanguruma. Nisingeweza kusema niko nyumbani. Nikasema niko njiani Giheta, nje kidogo ya Gitega, nimekuja kuchukua vinywaji vya wageni.

"Na Raissa?"

"Yuko ndani, baba. Amefunikwa, anawasubiri."

Raissa aligeuka akanitazama. Baba yake akaendelea kuongea kwa upole ambao sikuuzoea kwake. Akasema vizuri, basi yeye atawashusha wanawake nyumbani kwangu, halafu gari litamleta Giheta kunichukua mimi na vinywaji vyangu, kwa sababu gari lina mafuta na mkwe hawezi kubeba makreti kichwani.

Nikasema ndiyo, baba.

Nilipokata simu nilikuwa najua mambo mawili. La kwanza, wanawake wa Muyinga wangefika nyumbani kabla yetu. La pili, wangemkuta Layla anafagia na chumba cha bibi harusi kitupu.

Nikampigia Layla. Na sasa nakuja kwenye lile ambalo mhariri aliniuliza mara mbili kama kweli nataka lichapishwe.

Nikamwambia: "Fungua sanduku la wifi yako, toa shela la kijani. Kaa kwenye mkeka chumbani, jifunike lote. Wakija usiseme neno, itika kwa kichwa tu. Raissa anakuja kupitia jikoni, mtabadilishana."

Safari hii Layla hakucheka. Akauliza, kaka, kweli? Nikamwambia kweli, ni dakika chache.

Raissa alinishika mkono wenye simu.

"Nassoro, usifanye hivyo. Ile shela ni ya mama."

Nilijua ni ya mama yake. Mama yake alifariki Raissa akiwa darasa la sita. Nikamwambia halitachanika, Layla ni mtu wa usafi.

"Haiko mambo ya kuchanika. Mama aliacha maneno yangu kwa shangazi. Shangazi Riziki anaichunga miaka yote hii. Ataniambia nikiwa chini ya shela."

Nikamwambia tutawahi. Nilidhani maneno hayo yanasemwa sebuleni, kabla tu ya kufunuliwa, watu wakishakaa. Sikuuliza. Mtu akiwa amebanwa hamuulizi mwenzake chochote, anatafuta tu mlango wa kutokea. Nikamwambia hakuna njia nyingine, na kwamba bila hivyo baba yake atamchukua leo leo. Akaachia mkono wangu. Kutoka hapo mpaka Giheta alikuwa anatazama barabara.

Giheta tulishuka. Pikipiki zote zilikuwa zimelala kwa kukosa mafuta, ila vijana wa baiskeli walikuwepo. Nikamchagua mwenye miguu minene. Raissa akapanda nyuma, akajifunika uso mzima, akaondoka kuelekea Gitega bila kunitazama. Fredi akanishushia makreti matatu ya fanta kutoka lori lake, akaniombea heri, akaenda kupakua bia kwenye baa ya pale.

Nilikuwa bado nimekaa juu ya kreti, futi chache kutoka kwenye lile lori, gari la mzee lilipofika.

Akashuka. Akalitazama lori. Akazitazama fanta.

"Mkwe, fanta ya Waislamu inatoka kwenye lori ya bia?"

Nikasema chupa zimefungwa, baba. Akafikiri. Akasema ni kweli, zimefungwa. Akapanda tena garini, na kabla hajafunga mlango akasema njiani ameona mwanamke mmoja juu ya baiskeli, amejifunika uso wote, baiskeli inakimbia kama wamefukuzwa. Akasikitika. Akasema wanawake wa siku hizi hawana mtu wa kuwasindikiza.

Baiskeli ile ilikuwa bado na vilima mbele yake, na gari likiondoka sasa lingeipita. Nikamwambia mzee hapiti Giheta bila chai, ni aibu kwangu. Nikamkalisha kwenye kibanda, nikaagiza chai ya maziwa na mandazi, nikamuuliza habari za ng'ombe soko la Gashoho. Mchinjaji ukimuuliza habari za ng'ombe umeshapata nusu saa. Alinieleza ng'ombe mmoja mmoja, na mimi nikawa natikisa kichwa huku nahesabu vilima.

Katikati ya ng'ombe wa nne Layla akapiga simu. Alikuwa ananong'ona, na sauti yake ilikuwa imelowa.

"Kaka, Shangazi Riziki aliingia. Alifunga mlango. Alinishika kichwa, akalia, akaniambia mambo ya mama yake Raissa. Yote, kaka. Sikujua nifanye nini. Uliniambia nisiseme."

Baba mkwe alikuwa ananitazama, mandazi mkononi.

Nikasema: "Sawa. Asante. Tunakuja." Nikakata.

Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia wanauliza kama tumepata fanta.

Ningeweza kusema pale pale. Kibandani tulikuwa sisi wawili na muuza chai, tena mzee alikuwa na moyo laini siku hiyo kuliko siku zote nilizomjua. Ningesema, angenitukana, labda angenipiga kofi, na pengine leo ningekuwa naandika habari za makochi. Badala yake nikalipia chai.

Gitega tulikuta uani kumejaa. Majirani, watoto, wanawake wa Muyinga na vikapu vyao vya mchele na maharagwe vimepangwa ukutani. Nikamtafuta Layla kwa macho. Sikumwona uani, sikumwona barazani. Kama Layla hayuko nje, basi yuko chini ya shela bado, na baiskeli imefia njiani.

Wakamtoa bibi harusi chumbani wakiwa wamemshika mikono huku na huku, wakamkalisha kwenye mkeka sebuleni. Shela la kijani limemfunika kuanzia utosini hadi miguuni. Wakaniweka pembeni yake. Nikajaribu kuangalia vidole vya miguu, vimefichwa. Nikajaribu kusikiliza pumzi. Wanawake walikuwa wanaimba, sikusikia kitu.

Shangazi Riziki, dada yake mzee, mwanamke mrefu mwenye miwani, akashika pindo la shela. Akasema bismillahi. Akainua.

Alikuwa Raissa.

Vigelegele vikapasua nyumba. Nikaona hata Layla, kumbe alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni na sinia la glasi. Nilishukuru Mungu kwa sauti, watu wakacheka wakadhani ni mapenzi. Na mapenzi yalikuwemo pia, sikatai.

Mzee akakaa mbele ya binti yake. Akamuuliza lile swali ambalo, kumbe, huulizwa wote.

"Mwanangu, tangu nikuache, ulivuka mlango wa hii nyumba?"

Jibu ni hapana. Kila mtu analijua. Ni neno moja tu.

"Nilivuka, baba," Raissa alisema. "Nilienda kuona bahari."

Nikafumba macho. Mzee akamuuliza na nani, akasema na bwana yangu, na mi ndiye nilitaka.

Nilisubiri aseme tunaondoka. Badala yake mzee alivua kofia yake akaipangusa, akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Iko namna gani?"

"Ni kubwa, baba. Mais iko na mwisho. Unaona Kongo."

"Mama yako aliniomba nimpeleke," mzee alisema. "Kila mwaka nilimwambia mwaka ujao." Akavaa kofia. Akanigeukia, akaninyooshea kidole, akasema nina kichwa kigumu, lakini yeye hawezi kumpokonya mke mtu aliyemwonyesha Raissa kitu ambacho yeye mwenyewe alishindwa kumwonyesha mama wa Raissa. Bahari amesamehe.

Watu wakapumua. Mtu akasema Allahu akbar. Fanta zikaanza kufunguliwa. Ndugu zangu wasomaji, kwa muda wa glasi moja ya fanta nilikuwa mtu mwenye bahati kuliko wote Gitega. Nikamgeukia mke wangu nimkonyeze.

Hakuwa ananitazama. Alikuwa anamtazama shangazi yake.

"Shangazi," alisema kwa upole, "ile maneno ya mama. Niambie."

Shangazi Riziki akatabasamu. "Si nimekuambia asubuhi? Ile haisemwi mara mbili, mwanangu. Mama yako alisema mara moja, na mi nimesema mara moja. Ndiyo namna yake."

"Basi mi sikuyasikia."

"Unasema nini?"

"Mi sikuwa hapa, shangazi. Sikuyasikia."

Shangazi akavua miwani. Akamtazama Raissa, akatazama shela lililokuwa magotini kwake, kisha, polepole, akageuza kichwa mpaka mlango wa jikoni. Layla aliliweka sinia la glasi chini.

"Ni mi, shangazi," Layla alisema. "Nisamehe."

Mzee akauliza nani alimweka chini ya shela. Layla akainamisha kichwa. Alikuwa ananilinda, mtoto yule, mbele ya watu arobaini. Na mimi nilisubiri. Naomba mnielewe vizuri hapa, nilisubiri kweli, nikitumaini atapatikana mwingine wa kusema. Nilisubiri mpaka nikaona aibu.

"Ni mimi, baba."

"Kwa nini?"

"Nilidhani ni kitambaa tu."

Nimesema mambo mengi ya kijinga maishani, lakini hilo ndilo linaloniamsha usiku. Shangazi Riziki aliketi sakafuni pale pale aliposimama, akafunika mdomo kwa mkono. Miaka kumi na moja alikuwa amebeba maneno ya wifi yake bila kumwambia hata mumewe, na alikuwa ameyaweka kwenye sikio la mtu asiyemjua.

Mzee hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

"Bahari nilikusamehe," aliniambia. "Hii haiko yangu ya kusamehe."

Akamwambia dada yake ainuke amfunike mtoto. Shangazi akalishika shela, akalirudisha juu ya kichwa cha Raissa, taratibu, akalinyoosha mabegani mpaka miguuni. Uso wa mke wangu ukapotea. Wanawake wa Muyinga wakaanza kuchukua vikapu vyao ukutani, kimoja kimoja, bila kuambiwa.

Nikapiga magoti mbele yake. Nikamwita. Nikamwambia nisamehe, Raissa, sikujua. Sauti yangu ilikuwa inakatika na sikujali nani anasikia.

Mzee akaniwekea mkono begani akanisogeza kando, kama mtu anayesogeza kiti.

"Mwanangu," alimwambia, "mi sitakuburuta. Gari iko na mafuta ya kurudi. Ukisimama, tunaenda kwetu. Ukibaki umekaa, shangazi yako anakufunua tena, huyu ni bwana yako, na mi sitauliza tena hata siku moja."

Nje dereva aliwasha gari. Layla alikuwa analia jikoni. Sisi wengine wote tulikuwa tunalitazama lile shela.

Kisha likasogea. Nikaona mikono yake, chini ya kitambaa, inaushika mkeka pande zote mbili, inaubana, na sikuweza kujua kama anaushika ili ainuke au anaushika ili asiinuke.